Mbele kwa seti mbili: McEnroe, Lendl na fainali ya Paris ya 1984

Ukijumlisha gemu zote za fainali ya wanaume ya mashindano ya tenisi ya French Open ya mwaka 1984, John McEnroe alishinda 26 na Ivan Lendl 25. Kombe akaondoka nalo Lendl, kwa kuwa mshindi ni anayewahi kuchukua seti tatu. Kwa upande wa McEnroe matokeo yalisomeka hivi: 6-3, 6-2, 4-6, 5-7, 5-7. Seti mbili za mwanzo zilikwenda gemu 12 kwa 5, na mtu ambaye angeamua kuzima televisheni wakati ule asingelaumiwa na yeyote.

Mechi hii imesimuliwa mno, na karibu kila msimulizi hukimbilia kwenye hedifoni za mpiga kamera: McEnroe alikasirika, akapiga kelele, akafungwa. Ni kisa kitamu na kina ukweli ndani yake. Ila nikiangalia namba zilivyopanda na kushuka siku ile, naona hedifoni zimebebeshwa lawama nyingi kuliko zinavyostahili. McEnroe hakupoteza uongozi mara moja. Aliupoteza mara mbili, na ile ya pili, ambayo haina kelele wala sinema, ndiyo yenye mafunzo kwa mchezaji yeyote anayejikuta mbele mapema halafu kichwa kinaanza kumtoroka.

Walivyofika fainali

McEnroe alikuwa na miaka 25 na mwaka ulikuwa wake. Aliingia kwenye fainali hiyo ya Juni akiwa ameshinda mechi 42 tangu mwaka uanze bila kufungwa hata moja. Mpaka msimu unakwisha alikuwa ameshinda 82 na kupoteza 3 tu. Mtindo wake ulikuwa mmoja: anapiga servu (pigo la kuanzisha pointi) ya mkono wa kushoto, anaifuata mbio mpaka wavuni, anamaliza pointi kwa voli, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda. Kwenye udongo mwekundu wa Roland Garros, uwanja wa French Open, mtindo huo ni kamari, kwa sababu udongo huupunguzia mpira kasi na kuudundisha juu, na anayepokea servu hupata nafasi ya kujipanga. Yeye hakubadili kitu. Mwaka huo huo alikuwa ameshamfunga Lendl, na si kwenye viwanja vya kasi peke yake, hata kwenye udongo.

Lendl alikuwa na miaka 24 na jina baya. Alikuwa amecheza fainali nne za Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, na kupoteza zote: Paris 1981 mbele ya Björn Borg, US Open 1982 na 1983 mbele ya Jimmy Connors, Australia 1983 mbele ya Mats Wilander. Ile ya US Open ya 1983 ndiyo iliyomwachia doa kubwa zaidi. Alikuwa na pointi ya kuchukua seti ya tatu, akakosea servu zote mbili, seti ikaenda kwa Connors, na ya nne akafungwa 6-0. Watu walisema waziwazi kwamba Lendl akibanwa anaachia.

Haya yanabadilisha namna ya kuzisoma zile seti mbili za kwanza za Paris. Tunapozungumzia mchezaji aliyebweteka, huwa tunamfikiria mwenye majivuno, anayemdharau mwenzake. Hapa hapakuhitajika dharau. McEnroe na uwanja mzima walikuwa na sababu nzuri tu ya kuamini kwamba Lendl akishachapwa mbili mfululizo atajikunja mwenyewe, kwa kuwa walishamwona akifanya hivyo. Matumaini ya bure humtoka mtu haraka. Matumaini yenye ushahidi nyuma yake hayatoki kirahisi, hata pale ambapo hali uwanjani imeshaanza kusema vingine.

Kuhusu seti mbili zenyewe hakuna mengi ya kusema. McEnroe alikuwa moto wa kuotea mbali.

Hedifoni

Mwanzoni mwa seti ya tatu, sauti ilikuwa ikitoka kwenye hedifoni za mpiga kamera mmoja pembeni mwa uwanja. Ni zile sauti za waongozaji wa matangazo wanaowaelekeza wapiga picha. McEnroe akaacha alichokuwa akifanya, akaenda mpaka pale, akazishika na kufoka ndani yake. Watazamaji, ambao kwa kawaida yao huanza kumvuta mkono aliye nyuma ili mechi isiishe mapema, wakapata na sababu ya pili ya kumshangilia Lendl.

Swali linaloniwasha ni kwa nini alizisikia wakati ule. Vifaa vya matangazo havianzi kufanya kazi seti ya tatu. Mchezaji anapokuwa ndani ya gemu ngumu, kazi iliyo mbele yake huchukua kichwa chote: servu iende wapi, mwenzake amesimama wapi, nikifika wavuni nifunge upande gani. Mambo yakiwa mepesi, kazi hiyo hiyo huhitaji sehemu ndogo tu ya akili, na sehemu iliyobaki haikai bure. Hutafuta cha kushika. Itashika jua, mtu anayehama kiti, karatasi inayopeperuka nyuma ya mstari, au itaanza kupiga hesabu: gemu sita tu zimebaki, tano tu zimebaki. Kwa McEnroe ilishika hedifoni.

Mtu anaweza kusema hata walio nyuma hulalamikia kelele. Kweli, tena sana. Lakini malalamiko yao yana ladha nyingine. Aliye nyuma anatafuta kisingizio, au anatafuta tu dakika mbili za kupumua na kuvuruga mdundo wa mwenzake. Aliye mbele anachotaka ni dunia isimame palepale ilipo mpaka amalize. Kila kinachotikisika kinamtisha, kwa kuwa anahisi ana kitu mkononi ambacho kinaweza kudondoka. Nadhani ndiyo maana mchezaji anayeongoza 5-1 huweza kumkaripia muokota mipira kwa kosa ambalo, matokeo yakiwa 2-2, asingeligundua kabisa.

Na hasira kwa McEnroe ilikuwa na kazi yake ya siku zote. Aligombana na waamuzi maisha yake yote ya mchezo, na mara nyingi baada ya ugomvi alicheza vizuri zaidi. Mechi ikiwa sawa, au akiwa amebanwa, ule moto ulikuwa na mahali pa kwenda: kwenye pointi inayofuata. Siku hii alikuwa akishinda kirahisi. Hapakuwa na kitu cha kulipiza. Hasira iliwaka, ikakosa kuni, ikabaki kumchosha mwenyewe.

Lendl akachukua seti ya tatu 6-4.

Nne kwa mbili

Kama hedifoni ndizo zilizomvunja, seti ya nne ilipaswa kuwa mteremko. Haikuwa hivyo. McEnroe alijikusanya, akavunja servu ya Lendl, yaani akashinda gemu ambayo Lendl ndiye alikuwa anapiga servu, na kuongoza 4-2. Mtu aliyefoka na kudhaniwa amepoteza akili alikuwa amerudi, akiwa gemu mbili tu mbali na taji. Kutoka hapo Lendl alishinda gemu tano kati ya sita zilizofuata.

Hapa ndipo kisa kilipo. Kilichokuwa kimebadilika ni mchezo wa Lendl. Katika sehemu ya pili ya mechi alianza kutumia zaidi lobu zenye mzunguko mkali, zile zinazopaa juu ya kichwa cha mtu aliye wavuni kisha zinadondoka ghafla ndani ya mstari, pamoja na bekihendi (mapigo ya upande wa pili wa mkono ulioshika raketi) za kukata uwanja kimshazari.

Tazama lobu inavyomfanyia kazi mcheza voli. Kama mwenzako anajaribu kukupita kwa nguvu kila mara, unasogea karibu kabisa na wavu, kwa sababu ukiwa karibu unaukuta mpira ukiwa bado juu, na unaupiga kuelekea chini. Akishakurushia lobu mbili tatu, hata ukizifikia, hata moja ikitoka nje, mguu wako unaanza kusita. Unasimama nusu hatua nyuma ya pale ulipozoea. Nusu hatua hiyo inatosha kuufanya mpira unaofuata ukufikie chini ya usawa wa wavu, na voli ya chini ya wavu lazima uinyanyue. Ukiinyanyua, aliye nyuma ya mstari anapata mpira mwingine wa kupiga, na kwa forehendi aliyokuwa nayo Lendl, lile pigo la upande wa mkono ulioshika raketi, huo mpira mwingine ni zawadi. Kwa hiyo lobu haina haja ya kushinda pointi yoyote. Kazi yake ni kukuhamisha.

Mabadiliko ya aina hii hayaonekani kwenye ubao. Lendl alibadilika kwa sababu hakuwa na namna: anayefungwa 6-3, 6-2 analazimika kujiuliza maswali, na akikosa jibu moja anajaribu lingine, maana hana cha kulinda. Anayeongoza hana kinachomsukuma kuuliza. Mpango wake unalipa, kwa nini aukague? Taarifa ambayo ingemsaidia ipo wazi mbele ya macho yake, ila uongozi wenyewe unamwambia haihitajiki. Kisha siku inafika 4-2 ya seti ya nne na wachezaji wawili wanacheza mechi mbili tofauti: mmoja yuko kwenye mechi ya sasa, mwingine bado anacheza ile iliyokuwa ikiendelea saa moja na nusu nyuma.

Ndiyo maana ushauri wa kawaida wa "usibweteke" huwa haunitoshi. McEnroe pale 4-2 hakuwa amebweteka hata kidogo. Alikuwa anapigana. Kama ungempima umakini wake kwa wingi ungekuta upo tele. Tatizo lilikuwa unakoelekea: sehemu kwa watazamaji, sehemu kwa waamuzi, sehemu kwa kombe lililokuwa linanukia, na mwenzake ng'ambo ya wavu akabakiwa na makombo.

Miguu au kichwa?

Wapo wanaosema haya yote ni maneno ya watu wa saikolojia, na kwamba McEnroe alichoka tu. Hoja yao ina uzito. Mechi ilikwenda zaidi ya saa nne, juani, na kukimbilia wavuni kila servu kwenye udongo ni kazi inayomaliza miguu. Servu yake ya kwanza ilipungua makali kadiri mechi ilivyoendelea, na mcheza voli ambaye servu yake haiumi anafika wavuni kupigwa. Lendl kwa upande wake alikuwa na pigo la nyuma ya mstari linaloweza kurudiwa mchana kutwa.

Nakubali yote hayo, isipokuwa pale yanapofanywa kuwa jibu kamili. Uchovu haukuja ghafla 4-2. Na miguu na kichwa havikai vyumba tofauti. Sekunde ambazo mchezaji anazitumia kubishana ndizo ambazo angezitumia kurudisha pumzi. Aliyechoka akijua amechoka hubadili mpango: anafupisha pointi, anachagua servu zipi azifuate wavuni na zipi abaki nyuma, anamlazimisha mwenzake naye akimbie. Kujua hivyo kunataka mtu awe anajitazama, na tulishaona macho ya McEnroe yalikuwa wapi.

Zaidi ya hapo, tazama jinsi tofauti ilivyokuwa ndogo. Seti mbili za mwisho ziliisha 7-5, 7-5. Kwa seti za namna hiyo hatuzungumzii mchezaji aliyesambaratika. Tunazungumzia pointi chache sana, pengine zisizojaza vidole vya mikono miwili, ndani ya saa nne. Pale 5-6 ya seti ya tano McEnroe alikuwa anapiga servu kujiokoa. Kwenye pointi ya ubingwa alifika wavuni, mpira ukamjia upande wa forehendi, voli ikatoka nje. Ni pigo ambalo kwake lilikuwa la kila siku.

Mwezi uliofuata alimfunga Connors fainali ya Wimbledon 6-1, 6-1, 6-2. Septemba akamfunga Lendl huyo huyo fainali ya US Open 6-3, 6-4, 6-1. Katika mechi zote mbili aliongoza mapema na akamaliza kazi. Kwa hiyo siwezi kusema alikuwa mtu asiyejua kumaliza. Taji la Paris hakulipata kamwe mpaka anastaafu, na mwenyewe ameshasema mara nyingi kwamba hakuna kipigo kilichomuuma kama kile. Huwa anarushiwa ile methali ya kutangulia si kufika, na hapo mjadala unafungwa, kana kwamba tatizo lilikuwa tabia. Mimi naliona kuwa la hali: uongozi mkubwa, mpinzani mwenye historia ya kuachia, mpinzani huyo akibadilika kimyakimya.

Na hali haichagui mtu. Mwaka 1989, kwenye mashindano hayo hayo ya Paris, raundi ya nne, Lendl alikuwa namba moja duniani na mbele yake alikuwa Michael Chang mwenye miaka 17. Lendl akachukua seti mbili za kwanza 6-4, 6-4. Chang akazichukua tatu zilizobaki 6-3, 6-3, 6-3, huku misuli ya miguu ikimkaza kiasi kwamba alikuwa akirusha mipira ya juu ya taratibu ili apumue. Kuna wakati kwenye seti ya tano alipiga servu kwa mkono wa chini. Ilipofika pointi ya mwisho, Lendl akiwa kwenye servu ya pili, Chang alisogea mbele mpaka karibu na kisanduku cha servu na kusimama pale. Lendl akakosea. Mtu aliyempindulia McEnroe meza aliondolewa na mtoto anayechechemea, kwa sababu alijikuta anamtazama mtoto badala ya mpira. (Chang alikwenda mpaka kulitwaa taji lenyewe.)

Kwa anayeongoza leo

Mpira wa miguu una saa. Ukiwa mbele mabao mawili unaweza kurudi nyuma, kuziba njia, kupoteza muda kwenye kona, na dakika zinakufanyia kazi. Tenisi haina saa. Hakuna namna ya kukaa juu ya uongozi mpaka muda uishe, kwa sababu hauishi mpaka mtu ashinde pointi ya mwisho, na seti ya tatu inaanza 0-0 na bei yake ni gemu sita, ile ile ya seti ya kwanza. Mchezaji anayeanza "kulinda" kwenye tenisi anatumia silaha ambayo mchezo huu haukuiweka kabatini.

Makocha wengi kwa hiyo husema: sahau matokeo, cheza kama ni 0-0. Sijawahi kuona ushauri huu ukifanya kazi kwa muda mrefu. Kichwa kinajua ni 5-1. Ukikiambia kisijue, kinatumia nguvu kuficha kinachokijua, na nguvu hiyo inatoka kwenye mpira. Afadhali uyakubali matokeo, halafu ukipe kichwa kazi ya kufanya ili ile sehemu iliyobaki bure isiende kutafuta hedifoni.

Kazi ninayoipenda ni swali moja la kujiuliza kila mnapokaa kubadilishana pande: amebadilisha nini kwenye gemu mbili zilizopita? Amesogea nyuma kupokea servu? Ameanza kunipigia juu? Anaenda zaidi bekihendi kwangu? Mara nyingi jibu ni "hakuna", na hilo nalo ni jibu, unanyanyuka na kuendelea. Siku jibu likiwa "ameanza kurusha lobu", umelipata likiwa bado na bei nafuu. Kanuni zinakupa sekunde 90 pale kwenye kiti. Wanaoongoza huzitumia kufuta jasho na kupanga watakavyokamata kombe.

La pili ni mwendo. Anayeongoza huharakisha bila kujijua, anataka kufika. Kati ya pointi na pointi kanuni za sasa zinaruhusu sekunde 25, na ni humo ndani ambamo mechi nyingi hugeuka kuliko ndani ya pointi zenyewe. Jim Loehr, Mmarekani aliyefanya kazi ya saikolojia ya michezo, alijijengea jina kwa kuwachunguza wachezaji wakati mpira umesimama. Alichokiona kwa walio bora ni hatua nne zinazofuatana: mwili unajibu pointi iliyoisha kwa namna ya kujiamini, kisha unalegezwa, kisha mtu anaamua atakachofanya, kisha unakuja utaratibu mdogo wa kurudiwa kama kudundisha mpira kabla ya servu. Anayeongoza huwa anaruka hatua ya tatu. Anadundisha mpira kama kawaida yake, kwa nje anaonekana yuko makini, ila hajaamua servu inaenda wapi. Ukitaka kujua kama umakini wako umeshaondoka, jiulize tu baada ya pointi: nilikuwa nimepanga nini? Ukikosa jibu, umeshaondoka.

Kuhusu mkono. Woga wa kupoteza uongozi huingia kwenye mkono kabla haujaingia kwenye fikra: raketi inapunguza kasi, mpira unatua mfupi, servu ya pili inakuwa ya kubembeleza. Kama unataka kupunguza hatari ukiwa mbele, ipunguze kwa kulenga eneo pana zaidi, mbali kidogo na mistari, na mkono uende kwa kasi ile ile. Wengi hufanya kinyume: wanaendelea kulenga mstari, tena kwa mkono mlegevu. Hapo mtu ameshika hatari zote mbili.

Kelele na watu wa pembeni utakutana nao. Kama jambo linakusumbua kweli, mwambie mwamuzi mara moja, kwa sentensi moja, kisha mgeuzie mgongo na uende nyuma ya mstari. Kosa la McEnroe kwa mtazamo wangu halikuwa kulalamika. Alilitembelea tatizo kwa miguu yake, akalishika, akalifanya kuwa tukio la mechi. Baada ya hapo kila sauti uwanjani ilikuwa inamhusu.

Kuna jambo moja ambalo hakuwa nalo na wachezaji wa leo wanalo: tangu mwaka 2025 kanuni za tenisi zinaruhusu kocha kumwelekeza mchezaji kutoka pembeni. Mwaka 1984 hilo lilikuwa kosa. Mtu kwenye viti angeona ule mguu unaosita nusu hatua mapema kuliko mwenye mguu. Kwenye mechi za kawaida za klabu, ambako wengi wetu tunachezea, huyo mtu hayupo, na swali la kwenye kiti linabaki kazi ya mchezaji mwenyewe.

Limebaki la baada ya uongozi kuyeyuka. Ulikuwa 4-2, sasa ni 4-4. Aliyetoka 2-4 kufika hapo anajiona ameshinda kitu, wewe unajiona umeibiwa, ilhali matokeo yenu ni sawa kabisa. Kulinganisha ulichonacho na ulichokuwa nacho kunakula pointi tatu nne kabla hujashtuka, na kwenye seti inayoisha 7-5 pointi tatu nne ndiyo mechi yote. Mimi huwashauri wachezaji wasome matokeo kwa sauti ya chini kabla ya servu, nne kwa nne, bila "nilikuwa". Halafu waamue servu inaenda wapi.